Kopo Lenye Jina Langu

Asubuhi ile ya Ijumaa nilimkuta mume wangu ameketi mezani, amevipanga vikombe vyote vya kahawa vya nyumba safu mbili, na anavitia sukari. Hakuwa akimimina ovyo. Alichota kwa kijiko kidogo, akakisawazisha kwa mgongo wa kisu, akakiinamisha juu ya kikombe taratibu mpaka chembe ya mwisho ikaanguka, kisha akagonga ukingo mara moja na kuhamia kikombe cha pili. Mkwe wangu Bashayer alisimama mlangoni na birika mkononi, hajui acheke au alie.

"Khalti," akaninong'oneza, kama kwao wanavyomwita mama mkwe, "nimwondoshee?"

"Mwache amalize. Kazi ya namna hii haikatizwi katikati."

Bashayer ni binti wa Nizwa. Kiswahili chake amekiokota jikoni kwetu, neno moja moja, kama mtu anayeokota mchele uliomwagika. Aliweka birika chini, akatoka, na baada ya muda kidogo akarudi na vikombe sita alivyoazima kwa jirani, ili kahawa inyweke na mzee asisumbuliwe. Hakusema alikovitoa, nami sikumuuliza. Wapo watu ambao wema wao ukiutaja unawaona wanatafuta pa kujificha.

"Mama Ghanim," mume wangu aliniita, "njoo utazame. Zimelingana?"

Niliinama juu ya vikombe, nikatazama kimoja kimoja kama nilivyokuwa nikitazama zamani.

"Zimelingana."

"Hasa?"

"Hasa, Yaqdhan."

Akashusha pumzi. Mwaka wa pili sasa maradhi ya kusahau yanamla taratibu, kama mchwa anavyokula mlango: rangi inabaki, ukigusa kidole kinazama. Siku nyingine ananijua, siku nyingine ananiita bibi na kunishukuru kwa adabu kila nimpapo maji. Lakini mikono yake inakumbuka. Nilijua anachojaza. Hakikuwa sukari.

Shamba letu liko Handeni, bara ya Tanga. Alilirithi kwa baba yake. Tulipohamia Maskati tuliwaachia jamaa, na alipostaafu kazi ya serikali tukawa tunarudi kila mwaka kwa miezi mitatu, wakati wa mahindi. Mahindi yakianza kubeba, wao nao huja. Nguruwe mwitu. Nyumbani kwetu jina hilo halitajwi karibu na chakula. Tunasema "yule mnyama" na kila mtu anaelewa. Kundi la wanyama kumi likiingia jioni, asubuhi utadhani pamepita trekta. Wakimaliza kwetu huvuka kwa jirani yetu Mhina, ambaye hana kitu kingine zaidi ya mahindi yale.

Yaqdhan alikuwa na bunduki fupi, ya kibali, yenye mtutu usiozidi urefu wa mkono. Aliipenda kwa sababu vichakani haikwami. Lakini risasi za dukani hakuzitaka. Alinieleza sababu siku moja huku akinimenyea chungwa, na alieleza kwa upole ule ule aliotumia kuwafundisha watoto Kurani.

"Hizi zimetengenezwa kwa mtutu mrefu," alisema. "Katika mtutu mfupi baruti haipati nafasi ya kuungua yote ndani. Inamalizikia nje, moto na kishindo, na mwenye kupiga anabaki kipofu. Tena zina mbio. Zinampita mnyama na kuendelea na safari yao. Na nyuma ya mahindi yetu pana nini?"

"Nyumba ya Mhina."

"Basi."

Kwa hiyo alizijaza mwenyewe. Maganda yaliyokwisha kutumika aliyasafisha, akatia fataki mpya za kuwashia, baruti kidogo na kichwa kizito butu, kiende polepole, kimfike mnyama kwa hatua thelathini na kibaki humo humo. Mnyama akianguka, Mhina na watu wake walikuja kuchukua nyama, sisi tukanawa mikono. "Sheikh anapiga, sisi tunasafisha," Mhina alikuwa akisema, na Yaqdhan alikuwa akicheka kila mwaka kama ndiyo kwanza anaisikia.

Mkono wake wa kulia ulipoanza kutetemeka, kazi ya kupima baruti akanipa mimi. Nilishangaa. Mimi ni mtu wa Chake Chake, niliyesoma msahafu na barua basi. Lakini alinisimamia siku tatu bila ya kuniharakiza, na siku ya nne aliniacha peke yangu. Nilihesabu kwa tasbihi yangu. Kijiko kimoja, ganda moja, punje moja. Punje zikifika ishirini, sinia imejaa. Yeye akaja, akatazama, na tokea siku hiyo akawa anamwambia kila aingiaye: "Mkono wa Khole ni mizani."

Sikuwahi kusifiwa kwa kitu nje ya jikoni. Nakiri kwamba sifa ile niliivaa kama nguo ya Idi.

Sasa nieleze kosa langu, ambalo nililiweka kifuani miaka tisa.

Ilikuwa alasiri. Nilikuwa barazani na sinia ya maganda ishirini, nimefika kati, na muadhini akaadhini. Katika malezi yetu, adhana ikilia mtu hunyamaza na kuitikia, neno kwa neno. Niliweka kijiko chini, nikaitikia, nikaomba dua, nikaendelea na nyiradi. Na vidole vyangu, kwa mazoea ya miaka sitini, vikawa vinavuta punje. Nilipotanabahi, tasbihi ilikuwa imeshakwenda, sijui punje ngapi, na mimi sijui ganda gani lilikuwa la mwisho.

Nilichungulia. Shingo ya ganda ni nyembamba, na baruti yetu ilikuwa kidogo mno hata ililala chini kabisa, gizani. Ganda lenye kijiko kimoja na lenye vijiko viwili, kwa macho yangu yasiyo na miwani, yalikuwa mamoja. Nilikisia. Nikaanza pale nilipodhani. Mwisho nikahisi, sina hakika, lakini nikahisi, kwamba ganda moja nimelitia mara mbili.

Dawa yake ilikuwa nyepesi: kumwaga yote na kuanza upya. Nilikuwa nimekwisha inua ganda la kwanza, na Yaqdhan akatokea na kaka yake Murshid aliyekuja kututembelea kutoka Tanga.

"Njoo uone," akamwambia, "njoo uone mkono ulio mizani."

Murshid akainama, akatikisa kichwa kwa mshangao. "Shemegi, kumbe wewe fundi?" Na Yaqdhan, kwa furaha ya kuonyesha, akaketi pale pale akaanza kuvikaza vichwa juu ya maganda, kimoja baada ya kimoja, mpaka ishirini.

Nami nikanyamaza.

Baruti maradufu katika ganda moja si mchezo. Bunduki inaweza kupasuka kando ya shavu la mtu. Nililijua hilo, yeye ndiye aliyenifundisha. Nilijiambia nitamwambia usiku. Usiku wakawapo wageni. Nilijiambia kesho. Kesho nikamkuta ameshazitia katika kopo la maziwa ya unga na kuliandika jina langu kwa herufi za Kiarabu, na kuliweka juu ya rafu. "Hizi akiba," alisema. Kila mwaka tuliporudi alichukua kopo jingine, na kila mwaka nilishukuru moyoni na kuahirisha. Miaka saba nilikuwa nikilitazama kopo lile kama mdaiwa anavyotazama njia. Halafu akaanza kusahau, safari zikakoma, na nikadhani jambo lile limekufa lenyewe.

Ijumaa ile ile, vikombe vingali mezani, simu ya Bashayer ikalia. Alikuwa Ghanim, mwanangu mkubwa, mumewe. Alichukua likizo wizarani akaenda Handeni kulitazama shamba. Bashayer akaiegemeza simu kwenye birika ili sote tumwone. Uso wake ulikuwa umeungua jua.

"Shikamoo Baba. Shikamoo Mama."

"Marahaba," mume wangu akajibu. "Nani huyu?"

"Ghanim, Baba."

"Ghanim yuko skuli."

"Leo Ijumaa, Baba, hakuna skuli," Ghanim akasema kwa utaratibu, na mzee akaridhika. Nilimpenda mwanangu kwa jibu lile.

Akatueleza. Wanyama wameingia siku tatu mfululizo. Nusu ya mahindi ya Mhina yamekwenda, na jana jioni dume moja limemkimbiza mke wa Mhina kwenye mihogo, akaanguka, akavunjika kifundo cha mkono. Leo Ghanim atawangojea. Bunduki ameisafisha, kibali sasa kiko kwa jina lake. Lakini risasi.

"Yapo makopo matatu rafuni, Baba. Nichukue lipi?"

Hapo nikaona jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa miezi. Yaqdhan akavisukuma vikombe pembeni, akaketi wima, na macho yake yakarudi nyumbani.

"Utapiga kutoka wapi?"

"Penye mkorosho. Hatua thelathini, thelathini na tano."

"Nyuma yao pana nini?"

"Nyumba ya Mhina."

"Soma kopo la kwanza."

"Vichwa vyepesi, vyenye ncha."

"Weka mbali. Hizo za kupigia bondeni. Itamtoboa yule mnyama halafu iende ikambishie Mhina hodi."

Ghanim akacheka. Bashayer akacheka pia, ingawa sidhani kama alifahamu yote; alicheka kwa kuwa mzee amefanya mzaha.

"La pili ni vichwa vizito, Baba, mkono wako. Lakini zimebaki tatu na zimeota kutu ya kijani."

"Kwenye ganda au kwenye fataki?"

"Kote kuwili."

"Ziache. Risasi iliyopata maji haikatai, inachelewa. Wewe utadhani imekataa, ufungue, na ndipo inapokuja. Lililobaki?"

Ghanim akalileta kopo karibu na simu. Wino ulikuwa umefifia, lakini jina langu lilisomeka. "La Mama. Zimo ishirini, safi, zinang'aa kama za jana."

Mume wangu akatabasamu tabasamu ambalo sitalisahau. Alinigeukia, na siku ile alinijua.

"Si nilikwambia ni akiba?" Akairudia simu. "Chukua hizo, mwanangu. Usiwe na shaka. Mkono wa mama yako ni mizani."

Maradhi yalikuwa yamekula majina ya wajukuu, yamekula njia ya kwenda msikitini, yamekula hata kifo cha Murshid, ambaye mzee hutuuliza habari zake kila wiki. Sifa yangu hayakuigusa. Nilimtazama amekaa vile, mgongo wima, mwenye kuulizwa na mwenye kujibu, na nikatamani saa ile isimame.

"Nnachukua tatu, zatosha," Ghanim alisema. Tulimsikia akizitoa, zikigongana kiganjani.

 Nilitafuta njia ya kusema bila ya kusema. Niliwaza kumwambia zimechakaa, zina miaka mingi. Angezitazama tu aone zinang'aa. Niliwaza kumpigia baadaye, pembeni, baba yake asisikie. Lakini Handeni simu hukatika unapoihitaji, na bunduki ilikuwa mezani kwake, na alishakuwa na risasi mkononi.

"Ghanim," nikasema, "ziweke chini."

"Mama?"

"Ziweke chini, mwanangu. Iweke na bunduki mbali. Hizo si salama. Ipo moja ndani yake, au mbili, sijui, nimeitia baruti maradufu. Nilipotewa na hesabu, adhana iliponikuta. Nilijua, na sikusema."

Nilisema yote, mpaka lile la Murshid kunisifu. Tulisikia Ghanim akiziweka mezani. Bashayer, aliyeelewa uso wangu kuliko maneno yangu, alikuja akasimama nyuma ya kiti changu na kuniwekea mkono begani.

Yaqdhan alinigeukia. Polepole nikaona nuru ile ikimtoka, na mtu mwingine, mgeni, mwenye heshima zake, akakaa mahali pake.

"Bibi," akaniambia, "unamsema nani?"

"Najisema mimi. Mimi Khole. Mimi ndiye niliyekosea."

"La." Alitikisa kichwa, hakupandisha sauti. "Khole hakosei. Wewe umemjua lini Khole?"

"Zamani kidogo."

"Basi hukumjua vizuri. Mimi nnakaa naye. Tafadhali, bibi, usimseme mke wangu na mimi nimekaa hapa."

Nikasema, "Nisamehe."  Nilikuja kuomba radhi kwa kosa nililomfichia, nikajikuta naomba radhi kwa kumsengenya mkewe.

"Mama," Ghanim akaita kwenye simu. "Mama, ngoja. Hizi nyepesi."

"Nyepesi vipi?"

"Nimeishika moja na moja ya Baba ile yenye kutu. Hii nyepesi. Na nikiitikisa sikioni hailii. Ngoja."

Tulimwona akiondoka na kurudi na koleo na ile mizani ndogo ya baba yake. Akapima moja, akapima ya pili, ya tatu, akaendelea. Mimi nilikuwa nahesabu pamoja naye kimyakimya. Zilipofika ishirini akaikamata moja kwa koleo, akakizungusha kichwa chake mpaka kikatoka, akaliinamisha ganda juu ya kiganja. Hakikuanguka kitu. Alifungua ya pili. Hakikuanguka kitu.

"Zote tupu, Mama. Zote ishirini. Hata fataki zake zimeshauliwa, naona kama zilitiwa mafuta. Mtu kazifungua, kamwaga baruti, kavirudisha vichwa vizuri kabisa. Huwezi kujua kwa kutazama."

"Mtu nani?" niliuliza, ingawa nyumba ile ilikuwa na fundi mmoja tu.

Ndipo nilipokumbuka kitu nilichokuwa nikikiona kila siku bila ya kukitazama. Jioni, mimi nikishaingia jikoni, Yaqdhan alikuwa na desturi ya kuipima baruti iliyobaki chupani. Aliipima kabla, akaipima baada, kisha akaifungia kabatini. Baruti isingeweza kumdanganya. Usiku ule ule, au kesho yake alfajiri, alikwisha jua kwamba kijiko kimoja kimezidi, na hakuja kuniuliza. Alikaa peke yake na koleo, mkono wake unatetemeka, akazifungua zote ishirini na kuzifunga tena. Kisha akaliandika kopo jina langu, akaliweka mahali ambapo kila aingiaye ataliona.

"Baba," Ghanim aliuliza kwa sauti ya chini, "wewe ndiye uliyezimwaga?"

"Zipi?"

"Za Mama."

Mzee alivirudia vikombe vyake. Alikivuta kimoja, akakitazama ndani, akakisogeza kilingane na wenzake. "Wageni watakunywa saa ngapi?" akauliza.

Ghanim hakumsukuma. Alisema leo hatapiga. Watawasha mioto pembezoni mwa shamba, yeye na Mhina na vijana wake, wagonge madebe mpaka wanyama wachoke, na kesho asubuhi ataangalia mjini Tanga namna ya kupata vichwa vizito. Yule mke wa Mhina atampeleka hospitali mwenyewe. Halafu akaniambia, "Mama, ahsante," na simu ikakatika, kwa mtandao au kwa kidole chake.

Bashayer alimimina kahawa katika vikombe vya kuazima. Cha kwanza akampa mzee, cha pili akanipa mimi, kisha akatupisha. Alituvutia mlango nusu.

Tulikunywa. Nje, jua la Bawshar, mtaa wetu wa Maskati, lilikuwa limeupiga ukuta wa jirani mpaka ukawa mweupe usiotazamika, na mashine ya baridi inavuma juu ya vichwa vyetu. Nilitaka kumuuliza. Kwa nini hukunambia? Ungenikaripia mara moja, nami nikalia mara moja, tukaishi. Uliona nini usoni mwangu siku ile, hata ukaona bora upoteze risasi ishirini? Na mimi nililala kando yako miaka yote hiyo nikijiona ndiye mwenye siri. Lakini mtu wa kumuuliza alikuwa ametoka, na sikujua atarudi leo au Jumatatu au hatarudi tena kwa jambo hili.

Alimaliza kahawa yake, akakitikisa kikombe kuonyesha imetosha, kama tufanyavyo. Kisha akaniinamia, akatazama mlango kwanza, kama mtu mwenye neno lisilofaa kusikiwa na kila mtu.

"Bibi," alisema, "wewe utaonana na Khole?"

"Nitaonana naye."

"Naona ana kitu kinamsumbua. Hali chakula vizuri." Alifikiri. "Akikuuliza, mwambie nimeipima baruti. Mwambie imetimia."

Nilikipokea kikombe mkononi mwake.

"Nitamwambia," nikasema.